Viatu Nilivyoviona Nikiwa Chini ya Pikapu

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu ameleta pikapu. Niseme imeburutwa, maana ilifungwa kamba nyuma ya trekta kama ng'ombe aliyegoma njiani, na tairi mbili kati ya nne hazikuzunguka. Imelala miaka nyuma ya ghala la mtu, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Nilipofungua mlango, kuku mmoja alikuwa bado yumo. Akanitazama kwa dharau, kana kwamba mimi ndiye niliyekuja bila kubisha hodi.

Nimeendesha malori maisha yangu yote mpaka mgongo ulipokataa. Kila safari nilikuwa naiandika: nimebeba nini, nimekwama wapi, kimevunjika nini. Tangu nistaafu sikuwa na cha kuandika. Leo ninacho.

"Baba," mwanangu akaniambia, "hii ni kazi yako. Nikiwapa mafundi wa mjini watanichuna ngozi. Ukiifufua tutafanya biashara, mimi na wewe."

Mimi na wewe. Tangu mama yake afariki, sijasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Nikajibu "Tutaona," kwa sauti ya mtu asiyejali, kisha nikaingia chumbani mbio mbio kutafuta ovaroli.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. Aliitazama pikapu, akarudi kwenye beseni lake. Huyu mwanamke ukimwambia nyumba inaungua, atamaliza kwanza kukunja nguo. Namwita Bi Taratibu, na simfichi.

Jumanne, 5 Machi

Nimetoa mavi ya kuku. Kutwa nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefungua injini. Pistoni zimeshikwa na kutu, hazisogei hata kwa nyundo. Radieta imetoboka kama chujio. Breki hazipo; kuna vyuma tu mahali breki zilipokuwa. Sakafu imeoza hadi unaona ardhi. Lakini chasisi ni nzima. Gari likiwa na chasisi nzima, mengine yote ni ubishi tu.

Mwanangu alikuja na wenzake wa ofisini kuwaonyesha. Nilikuwa chini, natokeza miguu.

"Mzee na pikapu ni rika moja," akawaambia. "Na sijui ni yupi atawaka kwanza."

Wakacheka. Na mimi nikacheka kutoka huko chini. Mtoto ana mdomo, ameurithi kwangu.

Jumapili, 17 Machi

Mvua imeanza rasmi. Tumetandaza turubai kutoka ukutani hadi kwenye mti wa kamba za nguo, pikapu ikawa na banda lake mbele ya mlango wa nyumba. Bi Taratibu ameuliza nguo ataanika wapi. Nikamwambia azivae zikiwa mbichi, zitakauka kabla hajamaliza kufunga vifungo. Mwanangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mkewe akachukua beseni lake akaondoka.

Alhamisi, 21 Machi

Pistoni zimekubali. Nimezilowesha kwa dizeli siku nyingi, kila asubuhi nikizigonga kidogo, na leo moja ikashuka, kisha nyingine. Nilipiga ukelele wa furaha hadi jirani akauliza kama kuna msiba.

Leo kumekuja wageni. Ukiwa chini ya gari huoni watu, unaona viatu. Vyeusi vyenye ncha kali, vimepakwa rangi ya kutosha kujitazamia, vikafuatana na vya kahawia vya mwanangu. Wakazunguka nyumba polepole. Vile vyeusi vikasimama kwenye kona ya ukuta, vikainuka kwa vidole, kama mwenyewe anachungulia paa.

Jioni nikamuuliza mwanangu.

"Ni watu wa bati, baba. Paa linavuja upande wa jikoni."

Kweli linavuja. Nikafurahi kuona ameanza kuijali nyumba. Mimi niliijenga tofali kwa tofali, kila nikirudi safari naongeza mstari. Kiwanja nilikiandikisha kwa jina lake tangu yuko shule, maana mimi barabarani sikuwa na nafasi ya kwenda kupanga foleni ofisini, na nyumba ingekuwa ya nani tena?

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Mgongo. Sikushuka chini ya gari.

Alhamisi, 28 Machi

Fundi wa kuchomelea amekuja kuziba sakafu. Ni mtu wa maneno mengi na kazi ya kubahatisha. Nimemfanya akate upya kipande kimoja mara tatu mbele ya mwanangu, na kila akikosea nilimuuliza kama alisomea ususi. Mwisho akatupa kofia yake ya kuchomelea.

"Mzee, una ulimi wa msumeno."

"Ungekuwa na mkono wa msumeno tungekuwa tumemaliza."

Mwanangu akanipiga begani. Mkono wake ulikaa pale muda kidogo. Naandika hili kwa sababu bado naona ulipokaa.

Viatu tena leo. Vya ncha, pamoja na vya kike, vyekundu, vya kisigino. Watu wa bati siku hizi wanavaa vizuri.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinakwenda upande. Wa kulia umefungwa.

Asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka kidogo. Nikasema nitumie nafasi hiyo kufunga gia boksi. Nikainua pikapu kwa jeki juu ya ubao, nikatoa tairi la mbele, nikalilaza chini ya chasisi kama nilivyozoea miaka yote. Ardhi ilikuwa imelowa kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimelala chali, nakaza nati ya mwisho, nikahisi ubao unateleza. Gari halikuanguka kwa kishindo. Lilishuka kama mtu mzito anayekaa kwenye kiti. Chasisi ikakaa juu ya lile tairi, na gia boksi ikakaa juu ya kifua changu. Mkono wa kulia ukabanwa na ekseli.

Sikufa, kwa sababu ya tairi. Lakini kila nikitoa pumzi, nafasi ya kuivuta nyingine ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nikaona vya kahawia, vya ncha na vyekundu, jozi zote tatu kizingitini. Nikaita jina la mwanangu. Sauti ilitoka, si kubwa, lakini ilitoka. Vyekundu vikageuka upande wangu. Vikapiga hatua moja.

"Kuna mtu anaita," sauti ya mwanamke ikasema.

"Ni mzee huyo," mwanangu akajibu. "Akikosa spana hupiga kelele hivyohivyo. Karibuni, tukaangalie vyumba vya nyuma."

Mlango ukafungwa.

Nikaita tena mpaka ikawa siiti, natoa hewa tu. Nikaanza kuhesabu safari zangu zote nilizopinduka nikapona, nikaona aibu kufia uani kwangu chini ya gari lililosimama.

Kisha nikaona ndala. Ndala za bluu, moja imeshonwa kwa waya. Zilikuja kutoka upande wa jikoni, hatua kwa hatua, na zikasimama. Bi Taratibu akainama. Uso wake ukawa sambamba na wangu. Hakupiga kelele wala kusema pole. Alitazama jeki, akatazama ubao, akatazama tairi, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akaondoka!

Nilimtukana kwa yale yote niliyojifunza katika malori. Hayakutoka, lakini niliyasema.

Alirudi na jiwe kubwa la kufulia, amelikumbatia. Akaliingiza chini ya chasisi upande wa nyuma. Akaenda tena, akaleta la pili. Kisha akachukua jeki, akakwangua tope kwa mikono mpaka akafika kwenye udongo mgumu, akaweka bamba la chuma la fundi wa kuchomelea, juu yake jeki. Ndipo akaanza kupiga mkono wa jeki. Pole. Pole. Gari likainuka kifuani pangu kwa unene wa kidole, kisha viwili. Akanishika makwapani akanivuta kama gunia.

"Pumua, baba," akasema. "Usiseme kitu. Pumua."

Wageni walipotoka nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nimeloa tope, mkono umevimba kama mkate. Mwanangu akawasindikiza hadi barabarani kwanza.

Alhamisi, 4 Aprili

Mwanangu amekuja chumbani na juisi. "Pole baba. Sikukusikia, mvua ilikuwa inapiga bati."

Mvua ilikuwa imekatika. Lakini labda kwa ndani ilikuwa inasikika.

Jumamosi, 6 Aprili

Bi Taratibu alikuwa ananibadilisha bandeji. Mlango alikuwa ameurudisha.

"Baba, wale watu hawakuja kuangalia bati."

"Walikuja kuangalia nini, macho yako?"

"Wanainunua nyumba. Mwanao anahamishwa kikazi. Amekutafutia chumba cha kupanga, mbali na huku. Hii pikapu ni ya biashara yake kule, na wewe anakuweka chini yake ili usione wanaoingia na kutoka."

Niseme nilivyofanya. Niliuvuta mkono wangu. Nikamwambia kwamba mwanamke anayetaka kugombanisha baba na mwanawe kwa kawaida huwa na mpango wake, na kwamba mimi na mwanangu tuna damu, yeye ana pete tu. Akamaliza kufunga bandeji, maana haachi kitu nusu, akatoka.

Mwanangu alipotoka kazini nikamweleza yote, neno kwa neno. Akasikiliza akinyoosha mikunjo ya suruali.

"Huyu mwanamke," akasema. "Haya, baba. Niachie mimi."

Ukuta kati ya chumba chao na changu ni tofali moja. Niliujenga mwenyewe, najua. Nilisikia sauti ya mwanangu ikipanda, kisha nikasikia kofi, kisha jingine, kisha kitu kimeanguka, labda kiti. Bi Taratibu hakulia. Mambo ya mtu na mkewe si ya kuingiliwa. Niliwasha redio.

Jumanne, 9 Aprili

Mkono unakunjika. Nimerudi chini.

Jumapili, 14 Aprili

IMEWAKA.

Mwanangu alikaa kwenye usukani, mimi nimeinamia injini. Nikamwambia akanyage, nikaimwagia kabureta petroli kidogo, ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikakohoa tena. Nikasogeza waya wa plagi ya tatu kwa unene wa wembe. Ikashika! Ikatetemeka bodi nzima, kuku wa jirani wakakimbia, na mimi nikajikuta nalia mbele ya mwanangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwenye mazishi.

"Mzee wangu!" akapiga kelele. "Mzee wangu, wewe ni mashine!"

Bi Taratibu alileta chai. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na weusi unaogeuka manjano.

"Alianguka bafuni," mwanangu akasema.

Sikuwa nimeuliza.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nilitoka chini ya gari bila kutarajiwa. Nilikuwa nataka miwani yangu, nikaingia ndani na tope langu.

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Vile viatu vyekundu vilikuwa vimesimama juu ya kitanda changu. Mwenyewe, mama wa makamo mwenye sura ya upole, alikuwa anapima dirisha kwa tepu. Akaruka chini kwa aibu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, dirisha liko juu. Wewe ndiye fundi?"

Mwanangu alikuwa nyuma yangu, amesimama koridoni. Nikageuka. Tukatazamana. Nilimpa nafasi. Nafasi ya kutosha, hata lori lenye tela lingeweza kukata kona ndani yake.

"Ndiyo," akasema. "Ni fundi wetu."

"Marahaba," nikamjibu yule mama. Nikachukua miwani yangu mezani. Akaniangalia nikiichukua, akamwangalia mwanangu, akaanza kuzungusha tepu mkononi.

Nikarudi chini ya gari. Nililala pale bila kufanya kitu chochote, nikitazama chuma nilichokisafisha mwenyewe.

Jioni mezani alisema kila kitu, kwa adabu sana, kama anavyosema ofisini nadhani. Nyumba imeuzwa. Amepata nafasi kubwa kazini, mji mwingine, nyumba ya kule ni finyu. Amenipatia chumba kizuri, kina dirisha, mwenye nyumba ni mama mwema.

"Na pikapu?"

"Tunakwenda nayo. Baba, kwa macho hayo utaendesha wapi tena? Ila siku ya kuhama utatusaidia, maana mimi sijaizoea."

"Na biashara? Mimi na wewe?"

Akapangusa mdomo. "Nilitaka uwe na kitu cha kufanya, baba. Ulikuwa umekaa tu. Angalia ulivyonawiri."

Bi Taratibu alikuwa anatazama sahani yake. Mimi nilimtazama yeye, kwa mara ya kwanza nadhani, maana niligundua sijui macho yake yana rangi gani. Hakuyainua.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Mwanangu anaondoka asubuhi, anasema "Baba, breki lini?" Namjibu "Zinakuja."

Jumamosi, 27 Aprili

Breki nimemaliza. Paipu mpya, vifaa vipya, nimetoa hewa yote. Ukikanyaga inasimama kama askari.

Kisha nikalegeza nati moja. Ya paipu ya mbele, mahali asipopaona mtu asiyejua. Nilizungusha kidogo tu. Kwa mwendo wa mjini itashika. Kwenye mteremko mrefu na mzigo, mafuta yatavuja, kanyagio litadidimia hadi sakafuni, na mwenye usukani atajua hapo kwamba hakuna anayemsikia.

Baada ya hapo nilinawa mikono, nikala, nikaomba niongezewe. Sijala vizuri hivyo tangu mwezi ulipoanza.

Alhamisi, 2 Mei

Nimelala vizuri siku zote hizi. Hilo ndilo lililonitisha leo nilipolifikiria.

Bi Taratibu alikuja penye gari, akiwa na beseni. Mvua ilikuwa ya manyunyu.

"Baba, breki zimekwisha?"

"Kwa nini unauliza?"

"Tukishafika kule, mimi ndiye nitakayekuwa nazunguka naye na mizigo. Amesema hataajiri mtu wa kupakia wakati mke yupo." Akahamisha beseni upande wa pili. "Mimi naogopa miteremko."

Sijui kama alijua. Alinitazama kwa muda wake ule mrefu, kama alivyoitazama jeki. Macho yake ni ya kahawia, na la kushoto bado lina doa jekundu pembeni.

"Nipe dakika," nikamwambia. "Nenda kaanike nguo, mama."

Hajawahi kusikia nikimwita mama. Akaondoka bila kujibu, na mimi nikaingia chini, nikaikaza ile nati mpaka spana ikaniumiza kiganja. Nikakagua na nyingine zote. Mwanangu atakuwa na breki nzuri kuliko anavyostahili.

Jumapili, 5 Mei

Nimewahamisha. Niliendesha, mke kati, mume dirishani. Pikapu ilipanda na kushuka kama mpya. Kwenye mteremko mkubwa nilimwona mkwe wangu ameshika magoti kwa mikono miwili, nikakanyaga breki kwa makusudi ili aone. Ikasimama. Akaachia magoti.

Nyumba yao si finyu. Ina chumba cha wageni.

Nimerudi na gari nilale hapa hadi zamu yangu ifike. Nyumba tupu inaitikia ukikohoa.

Jumamosi, 11 Mei

Mwanangu alikuja kwa basi asubuhi. Tukapakia: kitanda, godoro, meza, sanduku la spana, redio, picha ya mama yake. Havikujaza hata nusu ya bodi. Tukafunga turubai, mvua ikaanza tukiwa bado mjini. Niliendesha mimi. Alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu, anatabasamu.

Tulipotoka kwenye lami, turubai likaanza kupigapiga. Nikasimama. Akashuka kulifunga, akijikinga na gazeti kichwani. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni akihangaika na fundo ambalo mtoto yeyote wa dereva angelijua.

Nikaingiza gia.

Sikuondoka kwa hasira, nataka hilo lijulikane. Niliondoka kama mtu anayekwenda zake. Alikimbia kidogo, nikasikia "Baba! Baba!" na nikakumbuka kwamba mvua hupiga sana bati. Nikatafuta mahali pa kugeuzia, nikampita kwa upande wa pili, tope likamfika kiunoni.

Sikuwa na mpango. Mikono ilinirudisha nyumbani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, sakafu inapigwa deki, na yule mama wa viatu vyekundu alikuwa peku, gauni amelikunja. Akanitambua.

"Fundi! Umesahau kitu? Ingia usilowe."

Akaniwekea kiti mlangoni, akaniletea maji ya moto yenye tangawizi kwenye kikombe cha plastiki, vingine vyote viko kwenye maboksi. Akatazama nje, pikapu na mzigo wake.

"Unahamisha watu leo?"

"Mtu mmoja."

"Vitu vichache hivyo? Maskini. Mzee?"

"Mzee."

"Hana watoto?"

Nilikunywa yale maji. Alikuwa ameshaanza kupaka rangi ukuta wa chumba changu, ya samawati, na nilitaka kumchukia lakini rangi ilikuwa imepakwa vizuri, kingo zimenyooka. Ningemwambia yeye ni nani na mimi ni nani, angelia, angenipa pole, na bado nyumba ingekuwa yake, kwa haki. Nikamshukuru. Akaniambia mteja asisubiri sana kwenye mvua.

Mwanangu nilimkuta palepale nilipomwacha. Hakuwa amejificha popote. Nadhani aliogopa nisimwone nikipita. Viatu vyake vya kahawia vilikuwa mabonge mawili ya tope. Akapanda, akafunga mlango. Meno yalikuwa yanagongana. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari. Ningefurahi.

Akatazama geji.

"Umechoma mafuta bure," akasema.

Nikaingiza gia, nikaendesha hadi tukafika.

Jumapili, 12 Mei

Chumba. Dirisha lipo, linatazama ukuta. Mwenye nyumba ni mjane anayeshona sare za shule; cherehani yake haipumziki.

Mwanangu ameondoka na pikapu. Alisahau kushusha sanduku la spana. Au hakusahau.

Jumamosi, 18 Mei

Hakuna.

Jumatano, 22 Mei

Mvua zimekwisha. Hakuna.

Jumapili, 26 Mei

Mkwe wangu amekuja. Peke yake, kwa mabasi mawili, mume anadhani yuko kanisani. Alileta dawa zangu za presha zilizobaki kwenye kabati la jikoni, na ovaroli langu, limefuliwa. Nilimwekea kiti, mimi nikakaa kitandani. Nikachemsha chai yangu ya mtu anayeishi peke yake, iliyokolea mno, akainywa yote.

Pikapu inakwenda vizuri, akasema. Anapakia na kushusha tangu asubuhi. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya kamba.

Nilitaka kuzungumza kuhusu mambo mengine. 

"Mama," nikasema, "ile siku niliyompelekea maneno yako. Nilisikia. Kupitia ukutani."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Uliwasha redio," akasema. "Hujawahi kuwasha redio saa ile. Nilipoisikia, nikajua hakuna anayekuja."

Alisema bila hasira, kama anavyoweka vitu mahali pake. Nikamwambia nisamehe. Nilisema vizuri, nilikuwa nimejizoeza tangu nihamie humu. Akatikisa kichwa.

"Sikuja kwa hilo, baba. Dawa zilibaki." Akasimama, akasuuza kikombe chake, akakipindua juu ya meza. "Kunywa moja asubuhi, moja jioni. Usizichanganye."

Nikamsindikiza. Anatembea polepole, na mimi na magoti yangu niliweza kwenda naye sambamba. Basi lilipokuja nikanyoosha mkono nimsaidie kupanda. Alishika bomba la mlango. Hakugeuka, na sikutarajia ageuke.

Niliporudi mama mwenye nyumba alikuwa amesimamisha cherehani.

"Umepata mgeni leo! Kumbe una watoto, mzee?"

"Nina mkwe," nikamwambia.

Akangoja niendelee. Sikuwa na mwingine wa kumtaja.